Barua ya wazi kwa watengenezaji wa magari na wasimamizi wa haki za mlaji: mkishauza gari, mmeuza na vilivyomo

Kwa:
Wakurugenzi Watendaji wa kampuni za kutengeneza magari,
Wakuu wa mamlaka za ushindani na za kulinda haki za mlaji,
Wenyeviti wa kamati za bunge zinazoshughulikia biashara na uchukuzi.

YAH: HAKI YA MWENYE GARI JUU YA VIFAA VINAVYOENDESHWA KWA PROGRAMU

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imeshindikana. Nilianza kwa wakala anayelihudumia gari langu, nikaenda kitengo cha huduma kwa wateja cha mtengenezaji, kisha nikapeleka malalamiko kwa mamlaka inayohusika. Wakala alisema hana ruhusa ya kugusa mfumo. Mtengenezaji alinijibu kwa barua ya kunishukuru kwa kuichagua chapa yake, pamoja na kiungo cha ukurasa wa malipo. Mamlaka ilisema hilo ni suala la mkataba kati yangu na muuzaji. Muuzaji wangu ni mtu binafsi aliyeniuzia gari alilokuwa akilitumia. Yeye hana seva, hana programu, na hawezi kuwasha wala kuzima chochote. Nimezungushwa vya kutosha.

Hoja yangu ni hii. Kifaa kilichomo ndani ya gari siku linapouzwa, na kinachoweza kufanya kazi bila huduma endelevu ya mtengenezaji, ni mali ya mwenye gari. Kinahama na gari kila linapobadilisha mkono, na hakiwezi kuzimwa, kupunguzwa wala kukodishwa upya bila ridhaa ya mwenyewe.

Naomba nieleweke vizuri hapa, maana ndipo mjadala huu hupotoshwa. Zipo huduma zinazomgharimu mtoaji kila siku: ramani zinazoonyesha foleni kwa wakati huohuo, laini ya data, kituo cha simu za dharura chenye watu wanaokesha. Anayezitaka alipe, na akiacha kulipa zikatwe. Sina ugomvi na hilo. Ninachozungumzia ni nyaya za joto zilizoshonwa ndani ya kiti, mota iliyofungwa kwenye ekseli, seli za betri zilizolala chini ya sakafu, taa zilizopo mbele ya gari. Vyote hivi vilitengenezwa mara moja, vikalipiwa mara moja, na umeme unaoviendesha unatoka kwenye betri ya mwenye gari.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kulipishwa kwa kitu kilichokwisha kulipiwa

Julai 2022 dunia ilijua kwamba BMW, huko Korea Kusini, ilikuwa ikitoza takriban dola 18 kwa mwezi ili viti vya mbele vipate joto. Nyaya zilikuwa ndani ya kiti tayari. Kilichokuwa kinauzwa ni ruhusa ya kuzitumia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, nchini Ujerumani, Mercedes-Benz iliuza EQS ambayo magurudumu yake ya nyuma yanakunja hadi nyuzi 4.5, anayetaka yakunje hadi nyuzi 10 alitakiwa kulipa euro 489 kwa mwaka. Novemba 2022 kampuni hiyohiyo ikatangaza nchini Marekani malipo ya dola 1,200 kwa mwaka kwa magari yake ya umeme ya EQE na EQS, ili yaokoe kama sekunde moja hivi katika muda wa kufikia mwendo wa kilomita 96 kwa saa. Hakuna mota inayobadilishwa wala waya unaoongezwa. Agosti 2025 ikawa zamu ya Volkswagen nchini Uingereza: nguvu ya ziada kwenye gari lake la umeme la ID.3 kwa pauni 16.50 kwa mwezi, au pauni 649 kwa maisha yote ya gari.

Tazameni upande wa pili wa biashara hii, upande wa mwenye gari. Kifaa mlichokifunga anakibeba yeye. Uzito wake unakula mafuta au chaji yake katika kila kilomita anayokwenda, awe amekilipia au hajakilipia. Dhamana ikiisha na kifaa hicho kikapata hitilafu, taa ya onyo itawaka kwenye dashibodi yake na gharama ya kukitoa au kukitengeneza itakuwa yake. Sijawahi kuona mtengenezaji akijitokeza na kusema, "Hicho bado ni chetu, tutakitengeneza kwa gharama zetu." Gharama zote za umiliki zimehamia kwa mnunuzi. Faida peke yake ndiyo imebaki kiwandani. Kama kifaa ni chenu, kichukueni na uzito wake, kodi yake na matengenezo yake. Kama ni changu, toeni kufuli.

BMW iliachana na malipo ya viti mwaka 2023, nayo naishukuru. Mjumbe wa bodi yake aliyesimamia mauzo, Pieter Nota, alieleza kuwa wateja walihisi wanalipishwa mara mbili, ingawa yeye hakukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mimi nasema ndivyo ilivyokuwa.

2. Gari likibadilisha mkono

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo linalowagusa watu wengi zaidi, kwa sababu gari moja hupita mikononi mwa wamiliki kadhaa kabla ya kuwa chuma chakavu.

Moja ya sababu za kulichagua gari langu ilikuwa taa zake. Kamera ndogo nyuma ya kioo cha ndani huliona gari linalokuja, na taa zenyewe hukata mwanga upande ule wa dereva mwenzako huku zikiacha bega la barabara liking'aa. Kwa anayeendesha sana usiku, kwenye barabara yenye waenda kwa miguu, hiki ni kifaa cha kuokoa maisha. Nilizijaribu gizani kabla ya kulipa, zikafanya kazi. Zikaendelea kufanya kazi hadi gari lilipoingia kwa wakala kwa huduma ya kawaida na kuwekewa sasisho la mfumo. Likatoka na ujumbe kwenye skrini: huduma hii haijawezeshwa, tembelea duka letu la mtandaoni.

Kamera haijaondoka. Ukichungulia juu ya kioo unaliona jicho lake. Kitufe nacho kipo palepale, kwenye ncha ya mkono wa taa, na alama yake ya taa na herufi A. Ukikibonyeza, ujumbe uleule unarudi. Maelezo niliyopewa ni kwamba leseni ilikuwa ya mmiliki wa kwanza na haikuhamishwa. Nilimtafuta mmiliki huyo. Alilipia taa hizo ndani ya bei moja ya gari, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa amenunua leseni yenye jina lake.

Sikuwa wa kwanza kufikwa na haya. Mapema mwaka 2020 iliripotiwa Marekani kwamba Tesla Model S iliyouzwa na kampuni yenyewe kwenye mnada, ikanunuliwa na mfanyabiashara wa magari na kisha mteja, iliondolewa kwa mbali mfumo wa kujiendesha ambao thamani yake ilikuwa dola 8,000. Mwaka 2022 likaja la mmiliki wa tatu wa Model S ambayo, miaka kadhaa nyuma, ilibadilishiwa betri chini ya dhamana na kuwekewa kubwa kuliko ya awali. Kampuni ilipogundua, iliifunga kwa programu irudi kwenye uwezo wa betri ndogo. Gari likapoteza takriban kilomita 128 za safari kwa chaji moja, na mwenye gari akaambiwa alipe dola 4,500 ili arudishiwe. Katika visa vyote viwili kampuni ilirudi nyuma baada ya habari kuenea. Nafurahi walisaidiwa. Lakini haki ambayo haipatikani mpaka gazeti liandike ni haki ya wachache wenye bahati, na wengi waliofikwa na jambo hilohilo walilipa au walinyamaza.

Kwa utaratibu huu mnunuzi wa gari lililotumika anauziwa mbuzi kwenye gunia. Anaweza kwenda na fundi, akakagua injini, akalala chini kutazama chasisi, akasoma kompyuta ya gari kwa mashine, akajaribu kila kitufe. Kitakachoamua gari hilo litafanya nini mwezi ujao kimeandikwa kwenye seva ambayo yeye na fundi wake hawawezi kuiona. Muuzaji naye anaumia, kwa kuwa alilipia kitu ambacho hawezi kukiuza.

Na msiseme haiwezekani kufanya vinginevyo. Volkswagen, katika mpango ule wa ID.3 ambao nimeulalamikia hapo juu, imesema wazi kwamba anayelipa kwa maisha yote amelilipia gari, na akiliuza nguvu hiyo inabaki na gari. Basi inawezekana, na hata hao wanaotoza wanajua kuwa ndiyo haki.

3. Kupunguza uwezo wa gari baada ya kuliuza

Mwaka 2019 Tesla ilituma sasisho lililopunguza kiwango cha juu cha chaji kwenye baadhi ya Model S. Kampuni ilieleza kuwa ilikuwa tahadhari ya kulinda betri. Wenye magari walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5, zikiwemo gharama za mawakili, kwa shauri lililohusu magari 1,743; fungu la mwenye gari lilikuwa dola 625 kwa kila gari. Magari mengi kati ya hayo yalikuwa yamerudishiwa uwezo wake kwa masasisho ya baadaye.

Tahadhari ya usalama naielewa, na siku ikithibitika kuwa betri yangu inaweza kuwaka moto nitakuwa wa kwanza kutaka irekebishwe. Lakini kwa hitilafu ya usalama kuna utaratibu unaojulikana: mtengenezaji anatangaza kuyarudisha magari, anaeleza kasoro, anaiarifu mamlaka, anatengeneza bure. Sasisho linaloshuka usiku gari likiwa limeegeshwa, lenye maelezo ya mstari mmoja kwamba "tumeboresha utendaji", linaukwepa utaratibu huo wote. Mwenye gari anaamka asubuhi na gari lililo pungufu, na hana namna ya kurudi kwenye toleo la jana.

Uwezo huu wa kuamua kwa mbali umewahi kutumika kwa wema pia. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kinaikaribia Florida, Tesla iliwafungulia kwa muda wenye magari yenye betri zilizofungwa kwa programu ili wapate umbali zaidi wa kukimbia. Lilikuwa jambo jema. Lakini lilionyesha pia kwamba watu hao walikuwa wakizunguka na chaji waliyoibeba chini ya miguu yao kila siku bila kuruhusiwa kuitumia, na kwamba ilihitaji kimbunga ili wapewe.

4. Kampuni ikifa, mtandao ukizimwa

Juni 2024 kampuni ya magari ya umeme ya Fisker iliomba ulinzi wa kufilisika nchini Marekani. Wenye magari yake ya Ocean walijikuta na magari mapya ambayo masasisho yake, programu yake ya simu na seva zake vilikuwa havina mwenyewe. Walilazimika kuunda chama chao na kuhangaika wenyewe kutafuta namna ya kuyafanya magari yaendelee kuishi. Miaka miwili kabla, Februari 2022, kampuni ya simu ya Marekani AT&T ilipozima mtandao wake wa 3G, magari ya chapa kadhaa yaliyokuwa bado yana injini nzima na bodi nzima yalipoteza uwezo wa kupiga simu yenyewe wakati wa ajali.

Gari hudumu miaka 15, 20, au zaidi. Ni nani kati yenu anaweza kuahidi kwa maandishi kuwa seva yake itadumu muda huo?

5. Kumfungia fundi

Nilipokata tamaa na wakala, nilikwenda kwa fundi ninayemwamini. Alichomeka mashine yake, akazisoma taa, akaniambia hazina kosa lolote: kamera inazungumza, mota za taa zinazungumza. Lakini kila alipojaribu kuandika chochote kwenye kompyuta ya gari, mfumo ulidai uthibitisho kutoka kwa mtengenezaji. Mtu mwenye ujuzi, vifaa na ridhaa ya mwenye gari amezuiwa kwenye mlango wa gari la mteja wake.

Nchini Marekani kizuizi hiki kimelindwa kwa miaka mingi na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998, iliyokusudiwa kuzuia wizi wa kazi za sanaa na programu. Mwaka 2015 John Deere iliiambia Ofisi ya Hakimiliki ya nchi hiyo kwamba mwenye trekta ana leseni tu ya kuliendesha kwa muda wa maisha ya trekta. Hata hivyo ulitolewa msamaha uliowaruhusu wenye magari kufungua programu kwa ajili ya matengenezo. Mwaka 2020 wapiga kura wa Massachusetts, karibu asilimia 75 yao, walikubali sheria ya kuwapa wenye magari na mafundi wao data za matengenezo zinazorushwa na gari. Watengenezaji waliipinga mahakamani mwezi uleule, na shauri halikutupwa hadi Februari 2025. Ulaya, Oktoba 2023, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kuwa mtengenezaji hawezi kumwekea fundi huru masharti yasiyokuwemo kwenye sheria kabla ya kumruhusu kuisoma kompyuta ya gari. Mwelekeo unaonekana. Kinachosikitisha ni kwamba kila hatua imepatikana kwa kuburutana.

6. Data

Nitalitaja kwa ufupi, maana linastahili barua yake. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza hatua dhidi ya General Motors na kampuni yake tanzu ya OnStar kwa kukusanya taarifa za mahali gari lilipo, wakati mwingine kila baada ya sekunde 3, na kuziuza pamoja na tabia za madereva bila ridhaa ya kutosha. Taarifa hizo ziliwafikia watoa bima. Gari langu likitoa taarifa, ni taarifa zangu.

Waheshimiwa, najua majibu mtakayonipa, kwa sababu mengine nimeshapewa.

Mtasema nilikubali masharti. Masharti yanayozungumzwa ni kurasa nyingi zinazojitokeza kwenye skrini baada ya mtu kulipa, akiwa ameshakaa kwenye kiti, na kitufe cha kukataa kikimaanisha kuwa nusu ya gari haitawaka. Mimi niliyenunua kwa mtu sikuyaona kabisa. Na hata ningeyaona, ridhaa inayoombwa baada ya fedha kutolewa haina uzito wa ridhaa.

Mtasema ni usalama. Hili nalichukulia kwa uzito kuliko mengine, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu. Mwaka 2015 watafiti wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, waliidhibiti Jeep Cherokee kwa mbali ikiwa barabarani, na magari milioni 1.4 yakarudishwa kurekebishwa. Upenyo walioutumia ulikuwa kwenye mfumo wa mawasiliano ambao mtengenezaji mwenyewe aliufunga kwenye gari. Hakukuwa na fundi wa mtaani wala mwenye gari aliyeharibu kitu. Waliouona ni watu wa nje, na kwa sababu waliuona, ulizibwa. Mwaka huohuo, Septemba, ikafichuka kuwa Volkswagen iliweka kwenye takriban magari milioni 11 ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa na kupunguza moshi kwa muda wa kipimo tu. Walioanza kulishuku ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliopima moshi wa magari yakiwa barabarani. Historia ya miaka hii inaonyesha kuwa programu iliyofungwa imemlinda mtengenezaji na maswali mara nyingi kuliko ilivyomlinda abiria na hatari. Kanuni za Umoja wa Mataifa namba 155 na 156, za usalama wa mitandao ya magari na za masasisho, zinaweka utaratibu wa kulinda breki na usukani dhidi ya wadukuzi. Hakuna mahali zinapodai kwamba joto la kiti lilindwe dhidi ya mwenye kiti.

Mtasema utaratibu huu unashusha bei, kwa sababu ni nafuu kutengeneza kiti cha aina moja kuliko aina tano. Nakubali kabisa kuwa ni nafuu kutengeneza. Basi onyesheni punguzo hilo kwenye karatasi ya bei: gari hili lingekuwa kiasi gani bila kifaa hiki, na ni kiasi gani likiwa nacho lakini kimezuiwa kutumika. Nikubali pia kwamba mtu anayeamua miaka miwili baadaye kulipia kifaa alichokiacha mwanzoni anapata nafasi ambayo zamani hakuwa nayo. Malipo ya mara moja, yanayobaki na gari, naweza kuyaelewa. Kodi isiyokwisha siwezi.

Mtasema programu haiuzwi, hutolewa kwa leseni. Mahakama zimeshasikia hoja za namna hii kwa zaidi ya karne. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kumruhusu mchapishaji kuendelea kupanga bei ya kitabu baada ya kukiuza. Mwaka 2017, katika shauri la Lexmark na katriji za wino, ilisema kuwa haki za hataza, yaani haki za mvumbuzi, juu ya bidhaa hukoma bidhaa inapouzwa, hata kama muuzaji ameandika masharti. Mwaka 2012 mahakama ya Ulaya, katika shauri la UsedSoft dhidi ya Oracle, ilisema aliyelipia nakala ya programu aitumie bila kikomo cha muda anaweza kuiuza tena. Programu ya taa zangu haina matumizi yoyote nje ya taa zangu. Ilinunuliwa pamoja nazo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwa watengenezaji:

(a) Kila kifaa kilicholipiwa ndani ya bei ya gari, au baadaye kwa malipo ya mara moja, kifungamane na namba ya chasisi, na si na jina la mtu wala akaunti yake.

(b) Acheni malipo ya mwezi au mwaka kwa kifaa kisichohitaji huduma endelevu kutoka kwenu.

(c) Sasisho lolote linalopunguza uwezo liombe ridhaa kwa lugha ya kueleweka, litaje kinachopungua, na litoe njia ya kurudi. Kama ni suala la usalama, lipitie utaratibu wa kurudisha magari.

(d) Wekeni orodha ambayo mnunuzi yeyote anaweza kuifungua kwa namba ya chasisi kabla ya kulipa, ionyeshe kila kilichomo ndani ya gari na hali yake.

(e) Andaeni mapema, kwa mkataba na mtu wa tatu, funguo na programu za kuyafanya magari yaendelee kufanya kazi endapo kampuni itafilisika au itaacha kuyahudumia.

Kwa mtengenezaji wa gari langu, ambaye simtaji jina: mawasiliano yetu yote mnayo. Rudisheni taa.

Kwa mamlaka na wabunge:

(f) Tungeni sheria inayokataza kutoza malipo ya kujirudia kwa kifaa kilichokwisha kufungwa kwenye gari na kisicho na gharama endelevu. Muswada wa namna hiyo uliwasilishwa New Jersey mwaka 2022, kwa hiyo hamuanzi kuandika kwenye karatasi tupu.

(g) Hakikisheni mwenye gari na fundi aliyemchagua wanapata data na uwezo wa kuandika kwenye kompyuta ya gari kwa masharti yaleyale anayopewa wakala. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, tayari inampa mtumiaji haki ya data za kifaa chake. Iongezwe na haki ya kutengeneza.

(h) Malalamiko ya kuzimiwa kifaa yapokelewe kama malalamiko ya mali iliyochukuliwa, na mwenye gari asiambiwe tena kuwa ni mkataba kati yake na mtu aliyemuuzia.

Naomba majibu yenu yawe ya maandishi na yajibu hoja moja baada ya nyingine. Nitayachapisha yote kama yatakavyokuja, yanayonipinga pamoja na yanayoniunga mkono, ili wenye magari na mafundi wayasome na kuamua.

Wenu kwa heshima,

Mwenye gari

Nakala:
Vyama vya wenye magari
Vyama vya mafundi wa magari
Vyama vya watetezi wa haki za mlaji